Laptopu ya Tundu Moja

Jumatatu, 12 Januari

Zahanati ya kijiji cha Kiegei tangu saa tatu asubuhi. Wajawazito kumi na saba, wote wamepimwa, na mgongo hauniumi. Siamini. Laptopu ya zamani ilikuwa tofali. Nilikuwa nikishuka kwenye pikipiki ya Issa natembea nimepinda. Hii mpya ni nyembamba kama daftari la mwanafunzi. Njiani Issa alisimama akaniomba nichungulie begi, alidhani nimeisahau Nachingwea.

Miaka mingi ya ukunga niliwasikiliza watoto kwa kikombe cha mbao sikioni. Tangu mwaka jana, kwa ile ya zamani na sasa hii, nachomeka waya wa kipimo cha picha kwenye kompyuta, napaka jeli tumboni, na mtoto huyu hapa. Leo mmoja alipiga mwayo. Tumboni! Nilisahau kuandika vipimo vyake. Nikabaki naangalia tu.

Jumatano, 14 Januari

Zahanati ya Mkotokuyana. Joto la kabla ya mvua, chumba cha bati. Nimeujua ubaya wa wepesi. Haina feni ndani. Mama wa tano hajamaliza, picha ikaanza kwenda kwa kuruka, kisha ikaganda. Chini inaunguza kiganja.

Bi Hadija, muuguzi wa zahanati, alitoka nje. Alijaza ndoo maji ya kisima, akafunika kwa sinia, akaiweka laptopu juu ya sinia. Ikapoa. Tukaendelea. Nimesoma chuo miaka mitatu, wazo hilo lisingenijia.

Kioo nacho ni kidogo. Akina mama wananyanyua shingo na hawaoni vizuri. Na tundu ni moja tu. Ukichomeka kipimo huwezi kuchaji, ukichaji huwezi kupima. Kidude cha kuongeza matundu nimeagiza Dar. Bado hakijafika.

Ijumaa, 16 Januari

Nimefua. Mvua mchana kutwa.

Jumatatu, 19 Januari

Kesho Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Mbali. Nimeitoa ile laptopu ya zamani chini ya kitanda. Betri yake ilishakufa, lakini ukiichomeka kwenye umeme inafanya kazi, na ina matundu manne. Nimeiweka kwenye begi, nimelinyanyua begi, nimeitoa tena.

Issa alipopita kupanga safari nilimwuliza kama niibebe. Akasema, "Dada nesi, njia inateleza. Punguza mzigo." Jibu nililolitaka. Imerudi chini ya kitanda.

Jumanne, 20 Januari

Naandika nikiwa Ruangwa, kwenye benchi la hospitali. Kanga imenikaukia mwilini. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Tulifika Mbwemkuru saa nne. Wanawake wamejaa hadi barazani. Nilipima vizuri, ila nilipima kwa raha. Kila mama nilimgeuzia kioo. Huu mkono. Huu uti wa mgongo, ona kama shanga. Mmoja alicheka mpaka tumbo likatikisika na picha ikapotea. Mwingine aliomba mumewe aitwe shambani aje aone, nikamsubiri, kioo kinawaka. Sikuangalia chaji. Nilikuwa na furaha kuliko busara.

Saa nane akaja Zuhura. Mimba ya miezi minane, uzao wa pili. Amekuja na mama mkwe wake, Bi Somoe. Damu imeanza asubuhi, kidogo, haina maumivu. Damu isiyouma ndiyo inayonitisha. Sikumgusa ndani, kidole kingeweza kuongeza damu. Nilishika kipimo, nikaangalia pembeni ya kioo. Chaji asilimia nne.

Nikachomoa kipimo, nikachomeka chaja. Sola ya zahanati na wingu lile, namba ilikuwa inapanda kama mzee anayepanda ngazi. Zuhura amelala, mimi nimesimama, tundu moja limeshikwa na waya usio sahihi. Niliiona laptopu ya zamani chini ya kitanda changu kwa uwazi kabisa. Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia ukutani.

Kwa macho yangu tu nilijua anatakiwa hospitali, na niliwaambia. Bi Somoe akakataa. Mwanawe, mume wa Zuhura, yuko Mtwara kwenye vibarua, kwa hiyo mama ndiye mwenye kauli. Kiswahili chake ni cha sokoni, anachanganya na Kimwera, lakini kilitosha. "Haumwi. Atalala, itakata. Hospitali watampasua bure." Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilipiga simu Ruangwa gari la wagonjwa lije hata hivyo.

Asilimia tisa. Nikachomoa chaja, nikachomeka kipimo.

Kondo la nyuma lilikuwa chini kabisa, limeziba mlango wote wa kizazi. Mtoto yuko juu yake, hana njia ya kutokea. Niliona mara moja. Nikamvuta Bi Somoe mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu, pua yake karibu iguse kioo. Kwa udogo ule ilibidi.

"Huyu mjukuu wako. Huu moyo. Na hiki hapa kimeziba mlango. Akianza uchungu, damu itatoka kama mto."

Bi Somoe alitoa kidole, akakigusisha kwenye kioo juu ya ule moyo, taratibu, kama anayeogopa kuuamsha. Akasema jambo kwa Kimwera, si kwangu wala kwa Zuhura. Alikuwa anasema na kile kitu kidogo kinachopiga. Kisha kioo kikazimika.

Bi Somoe aliangalia kioo cheusi, akanigeukia. "Nimemwona," akasema. "Mbebeni."

Gari lilikwama ng'ambo ya kijito, maji yameshapanda. Wanaume wanne walimbeba Zuhura na kitanda cha kamba mabegani, Issa mmojawapo, maji kiunoni. Bi Somoe alitangulia mbele anapima kina kwa mchi wa kutwangia. Hakuna aliyemwamuru. Damu iliongezeka tukiwa ndani ya gari. Nilimshika Zuhura mkono na kumsemesha mambo yasiyo na maana mpaka geti la hospitali.

Wameingia naye chumba cha upasuaji. Basi. Nasubiri.

Baadaye. Msichana. Kilo mbili kasoro. Amelia mwenyewe. Zuhura ameongezewa damu, anapumua vizuri. Nimekaa chini sakafuni.

Alhamisi, 22 Januari

Nachingwea. Nimelala kutwa, nimeamka na hasira. Wenzangu kazini wananipigia simu kunipongeza. Sitaki. Kilichosaidia ni wepesi wa ile kompyuta, maana kwa mzigo wa zamani nisingekubali kwenda mbali vile wakati wa mvua. Kilichotaka kuua ni wepesi huohuo, na mimi niliyeupenda mno. Yote mawili ni kweli. Sijui niyaweke wapi.

Kuanzia sasa nabeba zote mbili. Issa ameambiwa. Amesema atafunga kamba ya pili.

Jumapili, 25 Januari

Ruangwa, wodini. Nimekuja na basi, mikono mitupu, sabuni tu na kanga moja ya mtoto. Zuhura amemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa pamoja. Bi Somoe amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anakoroma.

Zuhura aliniambia nikae. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikuwa amevuliwa kofia kwa ajili ya joto. Utosini ngozi ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Nilikuwa nimeinamia karibu mno, pumzi yangu ikazitikisa nywele zake. Akakunja uso. Nikarudi nyuma.

Nje mvua ilianza. Nesi wa zamu akapita anafunga madirisha.