Sekondari ya Pili

Jumatatu, 4 Machi
Mwenyekiti wa halmashauri kapita karakanani. Jumamosi wanaamua: fedha ya serikali ijenge sekondari ya pili, au uwanja wa mpira. Anataka nikaseme. Mimi, fundi pampu! Ati wajumbe wengine wanadai sekondari hailipi, vijana wanamaliza na kuishia vijiweni. Nimemwambia nitafikiria.

Jumanne, 5 Machi
Nimeenda kuiona shule yetu. Mabati yale yale. Maabara imekuwa ndogo — au mimi nimenenepa! Hapa ndipo mwalimu wa fizikia, tuliyemwita Volti, alipofungua mota mbovu mbele yetu. Nyaya tu ndani! Tulidhani kuna maajabu. Jinsi tulivyocheka.
Zamani hizo pampu ikifa hapa mjini, shamba nalo limekauka. Leo mafundi tupo, na wanafunzi wetu wana karakana zao. Nesi mkuu wa zahanati, mwenye kiwanda cha maziwa — wote wa madawati yale. Wala hatukujua kwamba tunakuza uchumi. Tulijua njaa na kengele.
Laiti ningeisikia tena ile kelele ya mapumziko.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kaja. Nimemsomea hotuba niliyoandika kwa ajili ya Jumamosi. Shule ilipofunguliwa, yeye umri ulishampita. Wakamrudisha getini. Akaingia kwenye cherehani, na kila alfajiri akinipigia pasi sare yangu.
"Nilikuwa naivaa kwanza," kasema. "Dakika moja tu, najitazama kiooni, naivua."
Kasema hivyo kama anayezungumzia mvua. Miaka yote hii sikujua! Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbini, naandikia pajani. Nimeshasema yangu. Makofi ya kiasi. Dada kakaa safu ya mbele.
Sasa mjumbe mmoja, muuza saruji, ndiye anayeongea. Ati hao waliofanikiwa wangefanikiwa tu, shule au bila shule. "Mtazameni mama fundi cherehani pale. Sekondari hakuiona, na mambo yake safi!" Watu wanacheka.
Dada kasimama! Hakuomba ruhusa.
Mwenyekiti: una swali, mama?
"Sina swali. Nimetolewa mfano. Basi mfano useme wenyewe."
Muuza saruji bado kasimama, hajui aketi au asiketi. Dada anasafisha koo —