Kwa Kaka Idrisa, Uliyemlaza Mama Mbele ya Kamera

Kaka yangu Idrisa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini kuanza kusema na wewe bila kukuamkia ni jambo ambalo mama asingelikubali.

Nakuandikia hadharani kwa sababu namba zako zote hazipatikani, na hapa Kilosa hakuna anayejua uliko. Mtu mmoja alidai amekuona Tunduma. Mwingine akasema ni Makambako, umefuga ndevu na unauza mitumba. Sikumwamini yeyote. Nikaona niandike mahali ambapo watu wengi watasoma, labda mmoja wao anakaa jirani na wewe. Wao wanakujua kwa jina la Bwana Tulia. Mimi nakujua tangu hujawa Bwana Tulia.

Unakumbuka siku niliyokanyaga msumari, nyumbani Mabwerebwere? Mama alikuwa shamba. Ulinikalisha kizingitini, ukanishika kisigino, ukaanza kunielezea maji ya mto Mkondoa yanavyokuwa ya baridi asubuhi, yanavyopanda kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo cha mguu. Ulisema polepole, sauti iko chini, mpaka nikayasikia yale maji. Nilipofumbua macho, msumari ulikuwa mkononi mwako.

"Umeumia?" ukaniuliza.

Nikasema sikuumia, na ilikuwa kweli. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimekaa kukuandika kwamba ulikuwa tapeli. Ile sauti ulikuwa nayo tangu utotoni.

Ulipopata kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii kule Mikumi, ndipo mzee mmoja mgeni alipokuambia kwamba kile ulichokuwa ukinifanyia mimi kizingitini, kumlaza mtu usingizi kwa maneno, kina jina, kinafundishwa, na kwao watu wanajaza kumbi kukitazama. Ulirudi nyumbani ukiwa huwezi kukaa kitako. Ulimlaza binamu yetu kwenye mkeka kwa maneno matupu, ukamwambia mkono wake ni mzito kama gunia la mpunga, naye akashindwa kuuinua huku anacheka. Mama alisimama mlangoni na upawa mkononi. Akasema, "Idrisa, mwamshe mtoto wa watu." Lakini alikuwa anatabasamu.

Onyesho lako la kwanza la maana lilikuwa Mikumi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya stendi. Mimi na mama tulikaa mbele. Uliwalaza watu kadhaa, mmoja ukamfanya aimbe, mwingine asahau jina lake, ukumbi ukawa unacheka mpaka viti vinagongana. Kisha akapanda dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye shingo ya fahali. Ukampa mchi wa kutwangia ukamwambia ni mtoto, ambembeleze. Watu wakacheka. Yule dereva akaulaza mchi kifuani, akaanza kuuita jina. Machozi yakamtoka. Akauita tena lile jina, akauomba msamaha kwamba alichelewa kufika, na ukumbi wote ukanyamaza kama umemwagiwa maji.

Ulimwamsha kwa upole sana. Tukiwa tunarudi, tulipokaribia nyumbani, ukaniambia, "Salma, watu wamebeba vitu. Mimi nilidhani nawachekesha."

Nadhani siku ile ndiyo ilikubadilisha. Ungeweza kuishia kwenye michezo ya ukumbini, ukazeeka nayo. Lakini ulianza kuwaita wenye huzuni, wasiolala, waliofiwa, waliokosa watoto. Walikuja wakata miwa kutoka Ruhembe, mikono imechanika na masizi bado yako shingoni, wakakaa mbele yako kama watoto wa madrasa. Wengi waliondoka wepesi. Niliwaona kwa macho yangu.

Halafu ikaja Dar, ikaja televisheni, ikaja suti ya bluu. Kikaja kile kitabu chako, *Maumivu Ni Uamuzi*. Uliponiletea nakala yangu nilisoma jina la kwenye jalada nikakuuliza, "Uamuzi wa nani, kaka?" Ukacheka ukasema mchapishaji ndiye aliyelichagua, vitabu vinahitaji jina linaloshika. Ndani ulikuwa umeandika vizuri. Lakini watu hawakukumbuka ya ndani, walikumbuka jina. Nilisikia mwanamke sokoni akimwambia jirani yake mwenye miguu iliyovimba, "Ukiamua tu yanaisha, Bwana Tulia kasema." Nilikupigia nikakuambia. Ulikuwa kwenye gari, unaelekea mahali. Ukasema watu wa sokoni wana maneno mengi.

Kisha mama akapata uvimbe kwenye ziwa.

Alituficha kwa muda. Mimi niligundua nilipomsaidia kubadilisha nguo, siku aliyonyeshewa na mvua. Daktari wa hapa Kilosa alimpima, akaandika aende Dar upesi, na neno upesi alilirudia mara mbili akinitazama mimi. Nikakuarifu. Ukasema, "Nakuja mwenyewe. Msimpeleke popote kwanza."

Ulikuja na vijana wa kamera. Mama alivaa kanga yake mpya, akapaka wanja. Majirani walijaa uani hadi kwenye ua wa mabati. Ulimkalisha kwenye kiti barazani, ukapiga magoti mbele yake, ukamshika mikono. Hata mimi niliyekuwa na hasira nililegea niliposikia ile sauti.

"Mama, maumivu yako wapi?"

"Hapa, baba."

"Yatazame yanavyotoka. Usiyakimbilie, yaache yaende. Sasa yako wapi?"

Mama akafumbua macho taratibu. Akakutazama wewe kwanza, halafu kamera. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo watu wamelitazama mpaka leo. "Yameondoka, baba," akasema. Vigelegele vikalipuka mpaka barabarani.

Ulirudi Dar na video yako. Mimi nilibaki na mama.

Jioni ile ile, majirani walipotawanyika, nilimkuta amekaa kitandani ameng'ata pindo la kanga. Nikamwambia keshokutwa tunapanda basi, tunakwenda hospitali. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nikionekana hospitali, watu watasemaje juu ya mwanangu?"

Nikamwambia, mama, yamerudi? Akajibu hayajawahi kuondoka. Barazani alisema yameondoka kwa sababu tu uani kulikuwa na watu, na wewe ulikuwa umepiga magoti mbele yao.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Nilikueleza kila kitu, neno kwa neno. Unakumbuka ulichonijibu? Uliniambia, "Salma, usimpandikizie mama hofu. Hofu ndiyo ugonjwa." Nilikupigia tena na tena wiki zilizofuata, nikawatuma na wazee wazungumze na wewe. Nao mama aliwageuza, akawaambia amepona. Ukimpigia, anajikohoza kwanza, anakaa wima, anakuambia yeye mzima, amepalilia hadi mbali. Ukikata simu, analala kifudifudi.

Ulikuja bila taarifa mchana mmoja wa masika. Nilikuwa jikoni nachochea uji wake. Nilikuona kupitia dirishani umesimama karibu na ukuta wa chumba chake, umeshika kanzu isiguse tope, husogei. Ulikuwa unamsikiliza. Sitaandika hapa mama alikuwa analiaje. Wewe ulisikia.

Ulipoingia, alikurupuka. Akajifuta uso kwa kiganja, akavuta shuka kifuani, akatabasamu. "Karibu baba. Sijambo. Nilikuwa naota vibaya tu."

Ukakaa sakafuni. Ukasema, "Mama, basi." Sijawahi kusikia sauti yako ikiwa vile, haina ufundi wowote. "Basi, mama yangu. Inatosha."

Akaanza kulia mbele yako kwa mara ya kwanza, na mimi nikatoka nje nikawaacha.

Ulimpeleka Dar, nakubali. Ulimbeba mwenyewe kwenye gari, ulimlisha, ulilala chini ya kitanda chake wodini, wauguzi wakikutambua wakawa wanapigana viwiko. Daktari alituita sote wawili akasema kwamba angefika mapema kidogo, wangekuwa na la kufanya. Hakukulaumu, hakujua wewe ni nani. Ulimshukuru ukaenda kusimama dirishani.

Tukamrudisha nyumbani. Siku moja ulijaribu kumfanyia kweli, bila kamera, ulimshika kisigino kama ulivyonishika mimi, ukaanza habari za maji ya Mkondoa. Mama akakuwekea mkono mdomoni. "Usiseme kitu, baba. Kaa tu." Ukakaa. Alifariki wewe umemshika miguu na mimi nimemshika kichwa, mchana, adhana ya adhuhuri ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Tukamzika kabla ya magharibi.

Baada ya arobaini ulisema una mkutano Mikumi, ulipangwa zamani, na safari hii utawaambia ukweli. Nilikwenda na wewe. Ukumbi ulijaa, watu wamesimama hadi nje. Hukuvaa suti. Ulisimama ukasema, "Mama yangu mliyemwona kwenye video hakupona. Alikuwa na kansa na amekufa. Siku ile alidanganya kwa sababu alinipenda, na mimi nikamwamini kwa sababu ilinifaa. Wenye ugonjwa nendeni hospitali. Mimi sina dawa."

Nikashusha pumzi, nikadhani limekwisha.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mzee mmoja akasimama akasema ameelewa, huu ni mtihani, Bwana Tulia anapima imani yetu. Ukarudia. Ukapaza sauti, wewe usiyepaza sauti. Wakazidi kupiga makofi. Mama mmoja akapanda jukwaani, akakuchukua mkono kwa nguvu, akauweka kifuani pake mwenyewe akafumba macho kusubiri. Nakumbuka uso wako wakati ule. Ulitazama mkono wako kama si wako.

Ulitokea mlango wa nyuma nikakufuata hadi barabara kuu. Malori yalikuwa yamepanga mstari, jua bado kali. Ukaniambia, "Hawanisikii, Salma. Nimewafundisha wasinisikie." Nikakuambia turudi nyumbani, watasikia kidogo kidogo. Ukazungumza na dereva mmoja aliyekuwa anaelekea Iringa, ukapanda. Nilidhani unakwenda kupoza kichwa.

Ni miaka sasa.

Kaka, mimi sina hasira tena na ile siku ya barazani. Ulitaka apone. Mtu yeyote mwenye sauti kama yako angejaribu kwa mama yake. Hata yale majibu yako ya simu, nimeyaweka kando. Nakuandikia kwa sababu ya lililotokea baada ya mavuno ya mwaka huu.

Walikuja mke na mume kutoka Kilangali, watu wa Kanda ya Ziwa waliohamia na ng'ombe wao. Walimwacha mtoto mmoja na bodaboda nje, wakapiga hodi. Nikamwamkia yule mama, akaitikia marahaba kwa shida, amejifunga kitenge kifua kizima na joto lote lile. Mumewe akatoa simu akanionyesha mama yetu, anatabasamu.

"Tumeelekezwa hapa," akasema. "Tunamtafuta huyu bwana. Kama hayupo, basi tumwone huyu mama aliyepona. Mke wangu azungumze naye tu, apate moyo."

Nikavaa ushungi, nikawaambia wanifuate. Niliwapeleka makaburini. Mama Kulwa, ndivyo anavyoitwa, alisimama mbele ya lile tuta akaniuliza, "Ni huyu?"

"Ni huyu, mama."

Mumewe akavua kofia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ile video ni ya lini, kwa sababu mtu aliyewatumia aliwaambia ni ya juzi. Wameitazama tangu mwaka jana, kila maumivu yanapopanda. Ndiyo iliyowafanya wangoje.

Niliongozana nao hospitali. Daktari alipofungua kile kitenge alirudi nyuma hatua moja, akamuuliza, "Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Mama Kulwa akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Sasa wako Dar. Mumewe hupiga simu, anaongea mambo ya mvua na ng'ombe, halafu anakata. Mimi siulizi.

Nimekwenda kwa vijana wa simu pale mjini, nimewaomba waiondoe. Wamenionyesha: ukurasa ni wako, neno la siri unalo wewe peke yako. Nimewaandikia wenye mtandao, hawajajibu. Nimempigia mchapishaji, anasema kitabu kinauzika, na picha ya mama kwenye jalada la nyuma la toleo jipya uliiidhinisha mwenyewe. Kila siku watu wanaandika chini yake, asante Bwana Tulia, nami nimepokea. Wengine wanaandika umri wao na mahali panapowauma.

Sikuombi urudi. Chumba chako kipo, ufunguo uko kwangu, ukija utakula tutakachokula. Lakini kama huwezi kuja, fanya hili moja, popote ulipo, uwe na ndevu au usiwe nazo. Fungua ule ukurasa uifute video. Mwandikie mchapishaji aitoe picha.

Alitabasamu siku ile ili usiaibike mbele ya watu. Watu wale wametawanyika zamani, kaka, na mama bado anatabasamu.

Mpe ruhusa anyamaze.

Nakuombea uzima na usingizi wako mwenyewe,

Mdogo wako, mtoto wa mama mmoja na wewe,
Salma