Mamba wa maporomoko na wigi la mwalimu

“Mwanao kanipiga jiwe la mgongo mbele za watu, Tabu, halafu unacheka?”

Shoga, huyo ni mwalimu Bernadeta, sasa hivi, mlangoni kwa jirani yake. Ndiyo kwanza karudi na watoto kutoka maporomoko ya Sanje. Kichwani kajitanda kanga, wigi hana.

Wigi hana, shoga. Limekwenda na maji.

Alikuwa kasimama majini anapiga picha, Hajira wa Tabu akaanza kuvurumisha mawe. Wenzake wakafuatia. Mwalimu akateleza, chubwi, wigi likaelea, nalo wakalipiga mpaka likazama.

“Simpeleki popote tena. Na masomo ya jioni kwangu basi.”

Kicheko kikamkauka Tabu, maana kwa mwalimu ndiko mtoto alikojulia kusoma. Akamwita Hajira. “Ulimpigia nini mwalimu?”

“Nilipiga maji. Kaingia bila kufukuza mamba. Nilimwita, hakusikia kwa yale makelele.”

Sisi tuliotoka Rufiji, mimi na Tabu, nani anaingia majini bila kutupa mawe kwanza? Mwalimu mtu wa Rombo, mamba kamwona kitabuni.

Mwalimu akamtazama mtoto, machozi yanamlengalenga. “Kwa hiyo ulikuwa unaniokoa?”

“Ee. Na lile jeusi lilipoibuka, tukajua ndiye mamba mwenyewe.”

Shoga, mwalimu kacheka mpaka kashika nguzo ya mlango. Tabu hakungoja: “Vua viatu, mwalimu, pita ndani. Wali wa nazi umeiva, na Hajira ndiye atakayekunawisha.”