Ghorofa ya Bi Rukia

Jumatatu, 22 Aprili
Niko Timbwani, ng'ambo ya feri, tangu asubuhi, kwenye nyumba ya kale ninayoikarabati. Chokaa ya ukumbi wa chini inakauka vizuri. Fundi Kitsao ameuliza tena kama tutie saruji kidogo, twende haraka. Nimekataa. Mawe ya matumbawe yanapumua. Saruji itafungia unyevu ndani. Ghorofani ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Tumeongeza magogo ya kuuegemeza.

Jumatano, 24 Aprili
Swaleh alikuja. Anataka nyumba ivunjwe, zijengwe fleti. Lakini mwenye nyumba ni mamake, Bi Rukia, naye anataka iwe kliniki ya waja wazito, wasihangaike kuvuka feri na matumbo yao.
"Dada, unaivisha maiti nguo mpya," akaniambia.
Nilimjibu mbele ya mamake kwamba nyumba itasimama yote, juu na chini. Nilikuwa na hasira. Bi Rukia alifurahi mno.

Ijumaa, 26 Aprili
Mvua kutwa. Ufa wa ghorofani umepanuka. Nimeuona, Kitsao naye ameuona. Hatukusemezana.

Jumapili, 28 Aprili
Ukuta wa nyuma umeanguka alfajiri.
Uchochoroni, chini yake hasa, ndipo Mama Zuhura anapouzia mbaazi na mahamri. Mvua ilimchelewesha nyumbani. Meza yake imevunjika vipande, jiko limefukiwa. Nilimkuta amesimama na sufuria mkononi, anatazama.
"Shukuru, mwanangu. Ni jiko tu," akasema. Yeye ndiye aliyenituliza mimi.
Magogo yangu hayakufaa kitu. Naogopa. Naona haya.

Jumatatu, 29 Aprili
Uchochoro umefungwa. Nimepima chini upya, ukuta kwa ukuta, Kitsao akishika utepe. Chini ni pazima. Kinachopaumiza ni uzito wa juu. Ghorofa ishushwe kwa mkono, jiwe moja moja, na boriti zake zitumike kwenye paa jipya la chini.
Chumba cha ghorofani ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanyia kazi. Nimekichora mara ya mwisho, dirisha kwa dirisha. Kisha nikachora nyumba isiyo nacho.
Swaleh atasema alijua. Aseme.

Jumanne, 30 Aprili
Nimekwenda kwa Bi Rukia. Alizaliwa kule juu, akaolewa kule juu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniagizia chai. Sikuweza kuinywa. Nikamwambia yote.
Swaleh akadakia, "Basi tuvunje yote."
Mamake hakumtazama. Aliniuliza mimi. "Chini pamesimama?"
"Pamesimama."
"Wallahi?"
Sikuapa. Kisha nikamweleza nilichopima na nisichoweza kukijua mpaka ghorofa ishuke. Safari hii sikumwahidi zaidi ya hapo.
Akasema, "Haya. Iondoe. Mimi nilizaliwa na mamangu, sikuzaliwa na ghorofa."
Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Swaleh alinisindikiza nje. Nimelia kwenye feri, watu wakinitazama.

Jumanne, 14 Mei
Ghorofa iko chini. Kuta za chini hazikutikisika. Boriti ya mwisho ilikuwa nzito, mafundi wakaelemewa. Swaleh alivua viatu, akatia bega.

Jumanne, 19 Novemba
Kliniki ilifunguliwa wiki iliyopita. Nimepita leo kutazama paa baada ya mvua. Halivuji.
Ukumbini kuna mizani, kitanda cha kupimia na pazia la kijani. Bi Rukia alikuwa ameketi karibu na mlango, anamwuliza kila anayeingia ujauzito una miezi mingapi. Muuguzi amemwomba aache. Haachi.
Nikapumzika barazani. Akaja msichana mwenye tumbo kubwa, anahema.
"Dada, wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni?"
Nikamwambia hapana, mimi nimekaa tu. Nikasogea, naye akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho.