Kura Moja ya Mama Kocha

Jumapili, Novemba 2007. Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Birmingham inayoanzia miguuni.

Shajara, leo nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimempigia mume wangu kura aondoke.

Si nyumbani. Aondoke kwenye timu.

Kama wewe ni mgeni kwenye blogu hii, karibu, nikueleze. Mume wangu ni mtu wa Uvira, mimi wa Kigoma, na tunaishi karibu na barabara ya Alum Rock. Mwaka wa tisa huu yeye ni kocha wa timu ya Jumapili ya watu wetu: Wakongo, Wakenya, Watanzania, na yeyote mwenye viatu vya mpira. Basi mwaka wa tisa huu mimi naitwa Mama Kocha. Wapo watu waliokula kwangu mara mia ambao hawalijui jina nililobatizwa.

Mama Kocha hufua jezi. Huchemsha chai ya maziwa ya thermos tatu. Husimama kando ya uwanja, mvua isimame isisimame, na kushangilia hata tukifungwa. Jumatatu mpaka Jumamosi niko kazini, nawaogesha wazee wa Kiingereza na kuwalisha. Mapumziko yangu ni Jumapili, na Jumapili si yangu.

Kazini nina rafiki, Jean, anayekaa Lichfield, mwisho wa reli. Kwa miaka mitatu amekuwa akinialika chakula cha mchana cha Jumapili. Kila mara nilimjibu: labda wiki ijayo.

Mwaka huu hajanialika.

Niliwahi kumwambia binti yetu kwamba nimechoka. Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba nimwambie tu baba. Amekulia hapa huyu. Hajui uzito wa kumwambia mtu aache kitu pekee kinachomfanya asimame wima.

Sasa habari yenyewe. Msimu huu tunafungwa kama tumelaaniwa. Wiki iliyopita vijana wa Sutton Coldfield walitupiga saba bila, na wazazi wao wakatupigia makofi ya huruma, jambo lililowauma mashabiki wetu kuliko yale mabao. Wiki nzima simu zimelia. Wanaotaka kocha mpya wanasema mume wangu anapanga timu kwa shukrani: mabeki wake wanne ni wale wale aliowaanza nao, vitambi vimewatangulia, na vijana wenye mbio wanaota ukungu kwenye benchi. Wanaomtetea wanasema huyu ndiye aliyewapokea kituo cha mabasi cha Digbeth, walipofika na mfuko mmoja wa nailoni, akawavua woga na kuwavisha koti. Mtu wa namna hiyo humfukuzi kwa sababu ya mabao saba.

Wote wanasema kweli. Hilo ndilo linalochosha.

Leo baada ya mechi (mbili kwa moja, tumefungwa, tukamshukuru Mungu) tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, mashabiki wote, tupige kura ya siri. Mume wangu aliambiwa asubiri nje, akakaa ndani ya gari. Sanduku la kura lilikuwa sufuria yangu ya pilau.

Nilikaa mstari wa mbele, thermos magotini. Kila aliyesimama kusema alinitazama kwanza, akameza nusu ya maneno yake. Mume hasemwi mbele ya mkewe. Adabu hiyo tumekuja nayo wote, kila mmoja kutoka kwao. Hata Odhiambo, mmoja wa Wakenya wetu, ambaye tangu Agosti amekuwa akipiga kampeni kocha atoke, leo alisema sentensi mbili tu kisha akaketi. Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje. Wangeniuliza vipi?

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipiga kura ile kwa ajili ya presha yake. Presha anayo, na daktari ameshamwonya. Lakini wakati kalamu inagusa karatasi sikuwaza presha hata kidogo. Niliwaza kiti cha treni upande wa dirishani, na mikono yangu ikiwa mitupu. Nikaandika: aondoke. Niliulaza mwandiko wangu upande wa kushoto usijulikane.

Wakahesabu. Wakarudia kuhesabu.

Amebaki. Kwa kura moja.

Walimwita ndani, akasimama mbele yetu na koti lake lililolowa, akatuinamishia kichwa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilipiga mpaka viganja vikauma, na machozi yakanitoka, na mama mmoja akanikumbatia akidhani ni ya furaha.

Baadaye nilikuwa jikoni mwa ukumbi nikiosha vikombe. Odhiambo akaja, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, hiyo kura moja ni yangu. Nilikuwa nishaandika aende. Halafu nikakuona umekaa pale mbele na thermos yako, nikasema hapana, siwezi kukuaibisha hivyo. Nikakata, nikaandika abaki. Nimefanya hivyo juu yako."

Nilimwambia asante. Nilishika kikombe kile kile nikakiosha tena.

Hasira ninayo, shajara, ila sijui niielekeze wapi. Odhiambo kanifanyia wema. Wote walionyamaza leo walikuwa wakinifanyia wema.

Nilirudi nyumbani na mume wangu. Mlangoni aliweka chini gunia la jezi, zimejaa matope mpaka kwenye kola, akanishika mkono, jambo ambalo hana mazoea nalo.

"Aksanti, mama," alisema. "Bale batu bote balishanichoka. Ile kura moja, minajua ni ya wewe."

Nikamwambia avue na soksi, nizitie zote pamoja.

Sasa amekaa sebuleni, anachora kwenye bahasha kikosi cha Jumapili ijayo. Ni wale wale wanne nyuma. Nami niko hapa jikoni na kompyuta, mbele ya mashine ya kufulia. Nilipoiwasha nilijiapiza: ikinyamaza tu, nainuka, naenda kumwambia ukweli, wa kura na wa Lichfield.

Imenyamaza tangu nilipokuwa naandika habari za Odhiambo.