Mama Alipouvuta Mtego wa Baba

Kwa mjukuu wangu Wanjiru,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Landless, Thika. Cucu wako, mke wangu, amepona goti, na shangazi yako amehamia Kimbo.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Waniuliza kama uiache kazi ya mashua ya kamba koche huko Mombasa, kwa kuwa jamaa zetu wanakucheka ya kwamba unavua wadudu.

Naomba kujibu kama ifuatavyo. Katika miaka ya hamsini, baba yangu alikuwa mvuvi katika bwawa la shamba moja la kahawa, Ruiru. Kwetu samaki hakuliwa. Alihesabiwa kuwa ndugu wa nyoka. Baba alichekwa hata akaazimu kuacha kazi. Mama alipopata habari hiyo, alituvalisha nguo za kanisani, akatupakia sote pamoja na Baba katika mashua yake ya kazi, Jumapili mchana.

Wanawake waliokuwa wakichota maji wakapaaza sauti: "Mama Kamau! Leo mnakula nyoka?"

Mama, ambaye hakuwahi kumgusa samaki, aliuvuta mtego wa waya kwa mikono yake, akamwinua samaki akirukaruka.

"Mtazameni vizuri!" akajibu. "Nyoka huyu anamsomesha Kamau. Wenu anamsomesha nani?"

Baba alicheka hata kasia likamponyoka.

Mama hakumla samaki hadi kufa kwake. Lakini hakukubali mtu yeyote amchagulie mumewe aibu. Nawe usikubali. Panda mashua yako, tena mchana, wakuone.

Ni mimi guka wako,
Kamau