Mama Mkwe Kwenye Dawati la Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejiaibisha mbele ya darasa zima. Na mbele ya mama mkwe – yaani aibu ya jumla na ya rejareja kwa pamoja.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mpira wa soksi (soksi zangu kuukuu, lakini safi, nimezinusa mwenyewe). Anayerusha anauliza swali kwa Kiingereza, anayedaka anajibu, kisha naye anarusha. Darasa langu la Kiingereza la jioni hulala mapema, bila vituko kama hivi wanaanza kupiga miayo. Dereva teksi alidaka kwa kidevu. Kinyozi akamuuliza kama ameoa, akajibu ndiyo, mara nyingi. Kicheko hadi fundi seremala wa chini akagonga dari.

Kisha mpira ukanifikia mimi, na aliyebaki ni mama mkwe tu. Dawati la nyuma, mgongo wima, mkoba mapajani. Tangu ajiunge hajatoa neno. Sasa jamani, mtu anamrushiaje mama mkwe wake soksi? Mkono ulikataa kabisa. Nikatembea hadi kwake, nikampa kwa mikono miwili, nimeinama, kama nakwenda kuposa upya. Akapokea. Akanishukuru kwa Kiswahili. Akafungua mkoba, akautia mpira ndani, akafunga. Tak!

Mchezo ukaishia hapo. Nani angeenda kuudai?

Jumanne, 5 Machi

Siwezi kutulia. Nimepanga vitabu, nimevipangua. Shemeji, kaka wa mke wangu, anakuja Jumapili na binti yake wa miaka sita. Mtoto kazaliwa ng'ambo, anajua Kiingereza tu, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Watakaa siku chache tu, halafu hao, ndege.

Ndiyo maana mama mkwe kaja darasani kwangu. Mke wangu alimwambia asijisumbue, tupo tutamtafsiria. Mama akakataa katakata: akimwambia mjukuu anampenda, na maneno yakapitia kinywani mwa mkalimani, basi atakayekuwa amempenda ni mkalimani.

Mke wangu akanigeukia mimi: "Haya, mwalimu, umesikia." Nyumbani huwa ni mwalimu pale tu ninapokuwa na kosa.

Jumatano, 6 Machi

Ameongea! Ameongea!

Leo tulicheza zahanati. Kinyozi alikuja na koti lake jeupe la kazini (nywele zimejaa mifukoni), dereva teksi akawa mgonjwa. Nikauliza nani atakuwa daktari. Mara nasikia kiti kinasogea nyuma. Mama kasimama, kavaa koti, kaikunja mikono yake. Akamtazama dereva juu mpaka chini na kumuuliza, kwa Kiingereza, anaumwa wapi. Tangu lini. Toa ulimi. Dereva akasema tumbo. Akaulizwa anakula usiku? Anakula. Akome!

Maneno yalikuwa yamevunjika huku na huku, lakini yalitembea. Dereva kasahau kuwa ni mchezo, akaahidi kuacha.

Kisha mama akavua koti. Nikampongeza kwa Kiingereza, polepole, nikamuuliza ajisikiaje. Akakaa na mkoba wake. Kimya tena, kama redio iliyochomolewa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kila kitu. Muuzaji wa duka – akakaa kimya. Mpokea wageni wa hoteli – kimya. Mwishowe nikadhani nimepata ujanja. Nikamwambia kwa heshima zote: "Mama, leo ujifanye bibi. Kinyozi atajifanya mjukuu."

Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Nijifanye bibi? Kwani mimi ni nani, Mwalimu?"

Kinyozi alikuwa tayari kachuchumaa, kaweka kidole mdomoni. Ikabidi ainuke.

Tulipotoka nilimbebea mwavuli. Barabarani akaniita mwanangu, si Mwalimu, nikajua anataka kusema jambo. Akasema daktari akikosea, kosa ni la daktari, ukivua koti linaondoka nalo. Bibi akikosea, mtoto atarudi kwao na kumwambia kila mtu kwamba bibi yake ni mjinga. Na hatapata siku nyingine ya kumwonyesha vinginevyo.

Nilitaka kumwambia mtoto hawezi kufikiri hivyo. Lakini mimi mwenyewe nafundisha michezo kwa sababu naogopa kusimama mbele ya watu nikiwa mimi. Mwavuli nikaushikilia juu yake. Mvua yenyewe haikuwepo.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu anasema nimemharibu mama yake. Tangu asubuhi yuko chumbani anafanya mazoezi peke yake. Nilipita mlangoni (nilipita mara kadhaa, sina haja ya kudanganya humu) nikasikia: unaumwa wapi, tangu lini, toa ulimi. Basi! Hayo ndiyo atakayomkaribishia mjukuu!

Kinyozi kapiga simu. Koti lake halionekani. Wateja wanamuuliza kama kaacha kazi.

Nikamwambia nitaangalia darasani. Sikuangalia darasani. Najua liliko.

Jumapili, 10 Machi

Wamefika. Naandika jikoni, mlango uko wazi, chai inachemka na simwangalii mtu usoni.

Mtoto ni mdogo kuliko picha zake. Kajificha nyuma ya mguu wa baba yake, jicho moja tu nje. Mama akasimama mbele yake. Midomo ikafunguka, ikafungika. Shemeji akataka kutafsiri, mke wangu akamfinya. Mama akageuka, akaingia chumbani. Nikasema moyoni: tumekwisha.

Akatoka na koti.

Akakaa kwenye kiti. Akamuuliza mtoto, kwa Kiingereza, anaumwa wapi. Shemeji akanikodolea macho – mimi nikakumbuka chai, nikakimbilia huku.

Kumbe mtoto katoka nyuma ya mguu! Nasikia anaeleza. Goti. Halafu sikio. Halafu kitu kirefu kuhusu ndege na kiti na mtu aliyekoroma, haraka haraka, hata mimi nimeambulia nusu. Mama anaitikia mm, mm. Toa ulimi. Mtoto anacheka.

Ngoja.

Mtoto anataka koti. Zamu yake, anasema, sasa yeye ndiye daktari. Mama hajawahi kukubali kuwa mgonjwa, hata darasani. Nimechungulia. Kalivua. Kamvalisha, linaburutika sakafuni, nywele za watu zinadondoka kwenye zulia letu. Amebaki na gauni lake tu, mikono mapajani.

Daktari mpya anamuuliza bibi anaumwa wapi.

Anamuuliza tena. Mke wangu kaja kusimama hapa mlangoni, kanishika bega, vidole vyake vinaniumiza. Nimwokoe? Nijitie kupeleka chai? Ananiambia nikithubutu kuinuka nitakiona cha moto.

Tak!

Ule mkoba. Anatoa kitu – mpira wangu wa soksi! Alikuwa nao siku zote hizi! Kaurusha. Juu kidogo, upande upande. Mtoto kaudaka kwa mikono miwili, na koti, na kicheko.

Sasa kwa sheria zangu mwenyewe, aliyerusha lazima aulize.

Mama kavuta pumzi. Bila koti. Anainama karibu na uso wa mtoto, na anamuuliza, kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kama anajua kwamba bibi yake anampenda.